Mgeni Asiyejua Saa

Sogeeni karibu. Ninyi mlio na wadogo wachanga nyumbani ndio ninaowataka zaidi. Wengine kaeni tu, zamu yenu itafika.

Nilikuwa na miaka tisa, pale Tanga, mama alipotuletea mdogo wetu wa mwisho. Mchana alikuwa malaika. Alilala tukila, akalala jirani akitwanga. Ikifika saa nane za usiku, macho kodo! Anatazama dari, anataka mazungumzo. Mimi nilidhani ni uchokozi.

Bibi, aliyekuja kumtunza mama mpaka arobaini itimie, alinicheka. "Huyu mgeni, mjukuu wangu. Bado anafuata saa za huko alikotoka." Huko tumboni, mama akienda sokoni, mtoto yumo kwenye bembea, anasinzia. Mama akijilaza usiku, bembea inasimama, mateke yanaanza. Waulizeni kina mama.

Nilipokua nilisoma sababu nyingine, nayo naipenda zaidi. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouarifu mwili kwamba usiku umefika. Mtoto wa tumboni huipata ya mama yake kupitia kondo la nyuma. Akizaliwa, mgawo huo unakatika, na ya kwake haianzi kutoka kwa mpangilio mpaka afikishe miezi miwili mitatu hivi. Lakini maziwa ya mama ya usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana. Kila anaponyonya gizani, ni kama mama anamnong'oneza: mwanangu, huu ni usiku.

Bibi hakuwahi kusikia neno melatonini, ila kazi aliijua. Mchana alifungua madirisha, akafunga pazia fundo, akatukataza kunyamazishana. Sahani zigongane, redio iimbe! Usiku mambo yaligeuka. Taa ndogo pembeni, hakuna kumchekesha. "Hata akikutabasamia, jifanye hukuona." Ananyonya, anabadilishwa nepi, anarudishwa kitandani. Na kila jioni mpango haukubadilika: kuoga, mafuta, kunyonya, kisha wimbo mmoja wa kubembeleza, uleule. Sisi ulituchosha. Mtoto wala.

Kuamka hakukwisha, na kusingeweza kwisha. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo, maziwa ya mama husagika upesi, na baada ya saa mbili au tatu anadai tena. Jirani akashauri tumkorogee uji mwepesi, akishiba atalala. Bibi alitaka kukubali. Mama, aliyekuwa ameelezwa kliniki kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, alikataa uji na hata maji. Akashinda na ubishi wa pili. Bibi aliwalaza wanawe wote kifudifudi. Mama akamlaza huyu chali, godoro gumu, bila mto, chandarua kimechomekwa vizuri. Alikuwa sahihi, maana kulala kifudifudi huongeza hatari ya mtoto kufa ghafla usingizini. Bibi alinuna siku mbili, kisha akawa yeye ndiye anayemgeuza mtoto chali kila mtu alipokosea.

Sasa kosa langu. Usiku mmoja nilimsikia mtoto anaguna. Nikachungulia: midomo inacheza, uso umekunjamana, vidole vinakwaruza hewa. Nikamnyanyua haraka, kumbe alikuwa amelala fofofo! Niliyemwamsha ni mimi, na nyumba nzima ikakesha.

Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga uko hivyo. Macho huzunguka chini ya kope, anaguna, pengine analia kidogo, naye yumo usingizini. Kila baada ya dakika 50 au saa moja hivi hupanda karibu na kuamka, halafu huzama tena, asipoguswa. Tangu hapo nikaamriwa kuhesabu hadi thelathini kabla ya kumwita mama. Kilio cha njaa mtakijua, hicho hakishuki, kinapanda tu.

Na ukimshusha kitandani kwa pupa, atatupa mikono huku na huku kama anayeanguka kutoka mnazini. Daktari wa watoto Ernst Moro, aliyefanya kazi Heidelberg, Ujerumani, aliueleza mshtuko huo mwaka 1918, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Bibi alikuwa na namna yake: matako yatangulie kugusa godoro, kichwa kifuate, kiganja kibaki kifuani mpaka pumzi itulie. Nilifanya mazoezi kwa mto wangu wiki nzima kabla ya kuruhusiwa.

Siku zikapita, arobaini ikapita, Bibi akarudi kwake Pangani. Mwezi wa tatu, usiku mmoja, mtoto alinyonya saa nne, akalala. Saa sita kimya. Saa nane, kimya. Saa tisa nikasikia kitanda cha mama kinalia, kisha nyayo za baba, nami nikainuka. Tukasimama watatu kando ya chandarua, kila mtu amezuia pumzi yake ili asikie ya mtoto. Alikuwa chali, mikono juu kama aliyesalimu amri, anakoroma kidogo. Hakuamka mpaka alfajiri. Sisi ndio tulioshindwa kulala tena.