Makosa ya uzembe katika bao

Makosa ya uzembe katika bao ni makosa yanayofanywa na mchezaji anayejua kanuni za mchezo, lakini akacheza kwa haraka, akasahau kuhesabu au hakutazama upande wa mpinzani wake. Makala hii inahusu bao la Kiswahili, ambalo huchezwa barazani na chini ya miti katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, pamoja na Tanga na Pangani, na vilevile katika visiwa vya Unguja na Pemba na pwani ya Kenya.

Kanuni kwa ufupi

Ubao una mashimo 32 katika safu nne zenye mashimo manane kila moja. Kila mchezaji ana safu mbili: ya mbele, inayomkabili mpinzani, na ya nyuma. Kete ni 64. Mara nyingi hutumika komwe, yaani mbegu ngumu za mkomwe, mmea unaoota karibu na ufuko.

Shimo la nne kutoka kulia kwa mchezaji, katika safu ya mbele, huitwa nyumba. Mwanzoni kila mmoja huweka kete 6 katika nyumba na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Kete 22 hubaki mkononi.

Hatua ya kwanza huitwa namua. Katika kila zamu mchezaji huingiza kete moja katika shimo lake la mbele ambalo tayari lina kete. Kama shimo la mpinzani linalokabiliana nalo lina kete pia, huzila na kuzisambaza moja moja upande wake, akianzia kichwa, yaani shimo la mwisho la kushoto au la kulia katika safu ya mbele. Kula ni lazima inapowezekana. Asiyeweza kula hutakata, yaani husambaza kete zake mwenyewe bila kula. Kete za mkononi zikiisha, hatua ya mtaji huanza. Hushindwa yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au ambaye hawezi tena kucheza.

Kwa nini kosa dogo hugharimu sana

Kete inayoliwa haitoki mchezoni, bali hubadilisha mwenyewe. Kama wote wawili wana kete 32 na mmoja akapoteza 8, yeye hubaki na 24 na mwenzake hufikia 40. Tofauti ni 16, mara mbili ya hasara yenyewe. Isitoshe, zamu ya kula haikomi mara moja: kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezaji hula tena au huendelea kusambaza, mpaka afike shimo tupu.

Mfano wa mwanzo wa mchezo

Mashimo ya mbele ya kila mchezaji yahesabiwe 1 hadi 8 kuanzia kushoto kwake. Nyumba ni shimo la 5. Kwa kuwa wachezaji wanatazamana, nyumba ya mchezaji B inakabili shimo la 4 la mchezaji A.

A anaanza na hana cha kula. Anaongeza kete katika shimo la 6, zinakuwa 3, kisha anatakata.

Akienda kulia, kete zinaingia shimo la 7, la 8 na la kwanza la safu ya nyuma upande huo. Hakuna kete yake ya mbele inayokabili kete ya B, hivyo B hana cha kula.

Akienda kushoto, kete zinaingia shimo la 5, la 4 na la 3. Kete ya shimo la 4 sasa inakabili nyumba ya B, na ile ya shimo la 3 inakabili shimo la 6 la B. B analazimika kula, lakini ana njia mbili, na kila moja inampa kete moja tu:

- Akila kwa nyumba yake, anaiondoa kete ya shimo la 4. A anaweza kujibu kwa kula kete 2 za shimo la 6, lakini nyumba ya B iko salama katika zamu hiyo.
- Akila kwa shimo la 6, anaiacha kete ya shimo la 4. A anaongeza kete hapo na kula kete zote 6 za nyumba. A anakuwa na kete 37 na B 27.

Njia hizo mbili zina faida ileile machoni. Tofauti inaonekana kwa anayetazama kitakachobaki baada ya kula.

Aina za makosa

- Kula bila kutazama kinachobaki, kama katika mfano wa juu.
- Kuchagua kichwa kwa mazoea. Kete zilezile zikisambazwa kutoka kushoto zinaweza kukoma mara moja, na kutoka kulia zikaendelea kula.
- Kusahau kimbi. Anayekula kwa kichwa au kwa kimbi, shimo linalofuata kichwa, hana uhuru wa kuchagua: lazima aanze kusambaza kutoka kichwa kilicho karibu.
- Kuvunja nyumba mapema. Katika namua, kete ya mwisho ya zamu ya kula ikiingia nyumba isiyo na cha kula mbele yake, mchezaji anaweza kulala, yaani kukomea hapo, au kuzichukua kete zote na kuendelea. Akiendelea bila hesabu hutawanya akiba yake mbele ya mpinzani.
- Kujaza safu ya mbele. Kete za safu ya nyuma haziliwi, lakini safu ya mbele ikipungua mno, mchezaji hukaribia kushindwa.
- Kubaki na kete moja moja. Katika mtaji, shimo lenye kete moja haliwezi kuanzisha zamu.

Namna ya kujikinga

Kabla ya kugusa kete, mchezaji makini hujiuliza: Je, kuna cha kula, na kwa mashimo mangapi? Kete ya mwisho itaangukia wapi? Baada ya hapo, shimo gani langu litakabili kete za mpinzani? Je, nyumba yangu iko salama?

Hesabu hiyo hufanywa kwa macho na akili, na huweza kujifunzwa. Mtafiti Alex de Voogt, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Leiden ya mwaka 1995, alichunguza umahiri wa mafundi wa bao, pamoja na uwezo wao wa kuhesabu mbele.

Ulinganisho na sataranji

Katika sataranji pia makosa ya uzembe huwapata hata mabingwa. Tarehe 27 Novemba 2006 mjini Bonn, Ujerumani, bingwa wa dunia Vladimir Kramnik alicheza na programu ya Deep Fritz. Alisogeza malkia wake bila kuona kwamba mfalme wake angeweza kufungwa kwa hatua moja tu, akashindwa papo hapo. Tofauti ni kwamba katika sataranji kipande kilicholiwa hutolewa ubaoni, ilhali katika bao kete iliyoliwa humtumikia mpinzani tangu zamu ileile.