Surua: Kirusi Kinachofuta Kumbukumbu ya Walinzi wa Mwili

Na Mwandishi Wetu

Katika miinuko ya Buhigwe, mkoani Kigoma, mpaka wa Tanzania na Burundi hupita katikati ya ndugu. Siku ya gulio watu huvuka na mizigo ya ndizi na maharage, na akina mama huvuka na watoto mgongoni. Kirusi cha surua nacho hakina haja ya kibali. Huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka mahali, na mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mlipuko ulioanza mwaka 2019 uliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo.

Hata hivyo, bado wako wazazi wanaosema kuwa surua ni ugonjwa ambao kila mtoto hana budi kuupitia, na akishaupitia huwa ameimarika. Kauli hiyo ina hatari kubwa. Mtoto huweza kupona surua, familia ikamshukuru Mola, kisha baada ya miezi michache akafariki kwa homa ya mapafu au kuharisha, na asiwepo wa kuhusisha msiba huo na vipele vilivyopita.

Mlinzi anapogeuzwa kipando

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili jeshi la seli nyeupe za damu. Kwa kawaida, kirusi kinapoingia, seli za doria zilizoko mapafuni hukimeza, hukivunjavunja, kisha huchukua vipande vyake hadi kwenye tezi na kuvionyesha kwa wenzao. Huko, baadhi ya seli huandaliwa kuua seli zilizokwisha kuvamiwa. Nyingine hutengeneza kingamwili za kumkamata adui huyo. Vita vikiisha, wachache hubaki kama seli za kumbukumbu, ili adui yule yule akirudi apate jibu la haraka.

Kirusi cha surua huugeuza utaratibu huu. Seli za doria zinapokichukua, hakivunjiki; huzitumia kama kipando hadi ndani ya tezi. Hapo hukuta seli za kumbukumbu, ambazo juu yake zina mlango unaoafikiana nacho. Huingia, huzaliana humo, na kusafiri kwa njia ya damu mwili mzima. Mwishowe hurudi kwenye njia ya hewa, na mtoto anapokohoa hukisambaza kwa wengine. Huanza kuambukiza siku 4 hivi kabla ya vipele kutokea, wakati nyumbani hudhaniwa kuwa ni mafua tu.

Vipele navyo ni alama ya vita: seli za kinga zimefika kwenye ngozi na zinaziua seli zilizovamiwa. Ndiyo maana mgonjwa ambaye kinga yake imedhoofika sana huweza kuwa na surua kali bila vipele kuonekana.

Ushindi wenye hasara

Mwili hushinda kwa kuziua seli zenye kirusi. Lakini miongoni mwa zinazokufa ni zile zilizohifadhi kumbukumbu za maradhi ya zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Walikutwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Watoto waliopata chanjo hawakuonyesha upotevu huo. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa takwimu za vifo vya nchi kadhaa ulionyesha kuwa athari hiyo huweza kudumu miaka 2 hadi 3.

Wajibu wa mzazi

Hapa nchini chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto anapotimiza miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Dozi ya pili isidharauliwe, kwani wako watoto ambao dozi ya kwanza pekee haikuwajengea kinga. Mzazi na aitazame kadi ya kliniki leo hii.

Mtoto akipata homa, kikohozi, macho mekundu na vipele, apelekwe zahanati. Huko hupewa vitamini A, dozi 2 kwa siku 2 mfululizo, ambayo hupunguza vifo na kuyalinda macho na upofu. Mawese mekundu, ambayo Kigoma imejaaliwa, yana kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Ni chakula chema, lakini hayachukui nafasi ya dozi ya zahanati. Na baada ya kupona, kila kikohozi au kuharisha kwa mtoto huyo kuchukuliwe kwa uzito kwa miezi mingi.

Tabibu Mwislamu Abu Bakr al-Razi, mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kitabu kilichoitenganisha surua na ndui, zama ambazo hapakuwa na chanjo wala hadubini. Sisi tunayo chanjo, tena bila malipo. Mtoto ni amana, na amana huulizwa.