Kwa nini uzee huwasha mwili, na ubongo unaathirikaje?

Pale Bangwe, kama ilivyo Ujiji na kwingineko kando ya Ziwa Tanganyika, mzee akianza kuuliza jambo moja mara nne asubuhi moja, watu husema ni uzee tu. Wengine huenda mbali zaidi, wanatafuta mchawi. Majibu yote mawili yanamnyima mzee matibabu, ndiyo maana tumeona tueleze kinachotokea mwilini.

Ukijikata kwa kisu wakati unaparua samaki, kidole huvimba, huwa chekundu na chenye moto. Hapo kinga ya mwili inapambana na vijidudu, na kidonda kikipona moto huzimika. Umri ukienda, hauzimiki vizuri. Seli zilizochakaa hazifi, bali hubaki zikitoa kemikali zinazoiamsha kinga kila siku. Mwaka 2000 mtafiti wa Italia, Claudio Franceschi, na wenzake waliipa jina hali hii ya kuwaka kidogokidogo kwa miaka mingi, bila homa na mara nyingi bila maumivu.

Ubongo nao una askari wake, seli zinazosafisha takataka na kulinda neva. Kelele hiyo ya kemikali ikiufikia kupitia damu, askari hao hukesha, na badala ya kusafisha huanza kuharibu maungio ya neva. Mishipa midogo ya damu huumia pia, hasa kwa mwenye presha au kisukari kisichotibiwa. Si chanzo pekee cha ugonjwa wa kusahau, lakini kinachangia.

Na ugonjwa huo upo kwetu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta takribani watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao.

Huko huko Kilimanjaro kulifanyika jaribio ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2025. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliokula chakula cha asili cha kijijini walipohamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha dalili za kuwaka. Wa mjini waliorudishiwa mboga, maharage, ndizi na nafaka, dalili zilipungua. Hawakuwa wazee, hivyo tusiseme maharage yanatibu usahaulifu. Lakini sahani ya ugali wa muhogo, maharage na dagaa isidharauliwe mbele ya chipsi na soda.

Tena, kuwaka huku si lazima kupande na umri. Mwaka huo huo watafiti walilinganisha watu wa Italia na Singapore na jamii za Watsimane wa Bolivia na Orang Asli wa Malaysia. Kwa hao wawili wa mwisho hawakuona mpando ule ule, ingawa maambukizi ni mengi.

Jambo moja halisubiri. Usahaulifu wa uzeeni huja polepole. Mzee aliyekuwa mzima jana, leo hamtambui mwanawe, anaweza kuwa na malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au kiharusi. Mengi ya haya hutibika akiwahiwa. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, au Hospitali ya Maweni, na mbebe dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba.