Je, Wajua? Hata kabambe yaonekana ilipo

Kabambe, yaani simu ya kawaida isiyo janja, haina chipu ya GPS, lakini ikiwa mfukoni mwa abiria wa tuktuk pale Shika Adabu, Likoni, kampuni ya simu yaweza kukisia ilipo. Simu iliyowashwa huwasiliana na minara ya karibu, na kila mnara una namba yake na mahali pake panapojulikana. Mtandao wa GSM hupima pia muda wa mawimbi kwenda na kurudi, hivyo umbali hukadiriwa kwa hatua za mita 550 hivi. Si kipimo cha kujivunia: ukiwa karibu na kivuko, simu yaweza kushika mnara wa kisiwani Mombasa, ramani ikakuvusha bila feri!

Simu janja huongezea Wi-Fi. Hunasa anwani za ruta za jirani, hata zenye nywila, na kuzilinganisha na orodha ya mahali ruta hizo zilipo. iPhone ya kwanza, ya 2007, haikuwa na GPS. Mwaka 2008 iliwezeshwa kujitafuta kwa Wi-Fi na minara.

Na kumbukumbu za minara zina kazi kubwa kuliko ramani. Mwaka 2012, jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia safari za Wakenya karibu milioni 15 kupitia minara 11,920, bila majina yao. Lengo lilikuwa malaria: ilionekana wasafiri huibeba kutoka eneo la Ziwa Victoria hadi Nairobi.