Kwa Nini Mkonge Hustahimili Ukame, na Mtoto Hawezi

Mkonge hukaa miezi mingi bila mvua usife. Mtoto anayeharisha na kutapika aweza kufa kwa siku moja. Tofauti hiyo imo ndani ya seli.

Seli ni vyumba vidogo vinavyojenga mwili wa kila kiumbe. Nyingi huonekana kwa hadubini tu. Seli ya mmea ina ukuta mgumu; zile nyuzi za mkonge tunazosokotea kamba ni kuta za seli zilizokwisha kufa. Ndani yake mna mfuko mkubwa wa maji. Mimea ya nchi kame, kama dungusi kakati wa Meksiko, na huo mkonge wenyewe ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na ambao asili yake ni huko huko, hujaza mifuko hiyo wakati wa mvua, ikatumia kidogo kidogo. Matundu madogo ya kupitishia hewa huyafungua usiku, jua likiwa limezama.

Seli ya mnyama haina ukuta wala mfuko huo. Ina utando mwembamba tu. Hata ngamia ni hivyo hivyo, na nundu yake ni mafuta, si pipa la maji kama wengi wanavyodhani. Lakini chembe nyekundu za damu yake zina umbo la yai, nazo huweza kuvimba zaidi ya mara mbili bila kupasuka. Kwa hiyo hupoteza robo ya uzito wake kwa kukosa maji, kisha akanywa lita 100 kwa mkupuo, asidhurike.

Chembe zetu hazina uwezo huo. Mtoto wa kilo 10 akipoteza kilo 1 ya maji, yu hatarini. Maji matupu hayamtoshi, kwa maana anapoharisha hupoteza na chumvi. Chumvi nayo ikizidi huyavuta maji kutoka ndani ya seli, zikanywea.

Basi pima vizuri. Tumia pakiti ya dawa ya maji ya chumvichumvi kutoka zahanati. Ukiikosa, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe juu. Mnyweshe kidogo kidogo huku ukiendelea kumnyonyesha. Macho yakididimia, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, mlete zahanati mara moja, na njiani uendelee kumnywesha. Maji hayo yakilala, yamwage, utengeneze mengine.