Uza Kiwanja, Usiuze Kivuli

Masomo: Hesabu 35:1-5, Mambo ya Walawi 25:32-34

Ndugu msomaji, Walawi hawakupewa jimbo kama makabila mengine ya Israeli. Walipewa miji 48 ya kukaa, na kila mji ulizungukwa na ardhi ya wazi, dhiraa elfu moja kutoka ukutani kwenda nje, kwa ajili ya mifugo yao. Kisha linakuja sharti ambalo wengi wetu tunalisoma haraka na kulipita. Nyumba ya Mlawi mjini iliweza kuuzwa na baadaye kukombolewa, lakini ile ardhi ya kuuzunguka mji haikuruhusiwa kuuzwa kamwe.

Tulichukue sharti hilo hadi Tabora. Mji huu ulikuzwa na njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, ikanunua chakula na kutafuta wapagazi. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857, na Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na binadamu waliotekwa. Kwa hiyo Tabora ina kumbukumbu chungu ya mambo yanayotokea pale kila kilicho hai kinapotazamwa kwa jicho la mnunuzi. Miembe mikongwe ya njia ile bado inatoa kivuli, na anayepumzika chini yake leo hakuilipia hata senti.

Misitu ya Tabora si ya mvua nyingi kama ile ya Usambara. Ni miyombo, nchi ya mninga na ya nyuki. Asali yake inajulikana nchi nzima, na chuo cha ufugaji nyuki kipo papo hapo Tabora. Lakini msitu huo umepunguzwa mwaka hadi mwaka na kuni za kukaushia tumbaku, mkaa, mashamba mapya na ng'ombe. Sasa ameongezeka mlaji mwingine, naye ni mji wenyewe unaopanuka.

Hapo ndipo linapotokea wazo linalovutia. Je, nyumba haziwezi kuulipia msitu? Mwenye eneo kubwa apime viwanja vichache na vipana, vile ambavyo wapima ardhi huviita vya ujazo mdogo, aviuze kwa bei nzuri, na fedha zirudishe miti kwenye sehemu iliyobaki. Wazo hili si ndoto. Mwaka 2002 Serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam, katika maeneo kama Bunju na Kibada. Hazina ilitoa mkopo wa kuanzia, wananchi wakanunua viwanja, na mauzo yakalipa gharama. Somo lake ni kwamba ardhi iliyopangwa na kupimwa inaweza kujilipia kazi yake.

Hata hivyo, kuna hesabu ambayo dalali hatakufanyia. Kiwanja huuzwa mara moja, lakini msitu hulindwa kila mwaka. Kila kiangazi kuna moto wa kuzuia, kuna mifugo ya kuondoa, kuna mlinzi anayesubiri mshahara. Mwaka wa kwanza fedha zipo na miche inapandwa mbele ya wageni. Mwaka wa tano fedha zimekwisha, na bodi inakaa kikao kujadili kupima viwanja vingine kumi, kidogo tu, ili kumlipa mlinzi. Mwaka wa kumi mlinzi hana tena cha kulinda. Bwana Yesu alitufundisha kukaa kitako na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Luka 14:28). Anayepanda msitu kwa fedha za viwanja anahitaji hesabu hiyo zaidi.

Majirani zetu wa Shinyanga wanaweza kutufundisha. Kuanzia mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho hadi kiangazi kikali. Nchi iliyokuwa imekaribia kuwa jangwa ikarudisha miti katika mamia ya maelfu ya hekta. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikutoka kwenye kitalu. Visiki na mizizi vilikuwa bado hai ardhini, vikachipua watu walipokubaliana kutoingia. Miyombo nayo huchipua vivyo hivyo. Kwa hiyo gharama kubwa si mche. Ni uaminifu wa kuacha.

Neno hili linatugusa sisi watu wa kanisa kwa namna ya pekee. Parokia na sharika nyingi zilirithi ardhi pana kutoka kwa wamisionari, na leo mji umezifikia. Wanunuzi wanabisha hodi, paa la kanisa linavuja, na watumishi wanadai posho. Kuuza sehemu si dhambi. Walawi nao waliruhusiwa kuuza nyumba. Lakini utaratibu ndio unaotofautisha uwakili na tamaa. Kwanza, msitu uchorwe kwenye ramani na kuandikishwa kisheria kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Pili, sehemu ya mauzo iwekwe akiba isiyoguswa, kama Yusufu alivyotenga sehemu ya tano katika miaka ya shibe (Mwanzo 41:34), na faida yake ndiyo imlipe mlinzi. Tatu, kila mwenye nyumba achangie kila mwaka, kwa kuwa kivuli na hewa anavipata kila mwaka. Nne, mizinga ya nyuki itundikwe humo, na jirani asiye na uwezo wa kununua kiwanja awe na haki ya kurina asali. La sivyo, tutakuwa tumemjengea tajiri bustani na kuiita uumbaji wa Mungu.

Isaya aliwaonya wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, mpaka wakabaki peke yao katika nchi (Isaya 5:8). Hakuwalaani wajenzi. Aliwalaani wasiojua kusimama.

Wiki hii, kama umo katika baraza la wazee, bodi ya kanisa au kamati ya ardhi ya kijiji, fungua ramani ya eneo lenu na uulize swali moja: ni sehemu ipi ambayo hatutaiuza, hata bei ikipanda mara kumi? Kama jibu halijaandikwa popote, liandikeni kabla mnunuzi hajafika.

Mungu atupe moyo wa kuacha. Jumapili njema.