Kabla ya simu, mpe mtoto kipande cha mkaa achore

Mtoto wa miaka minne siku hizi anafungua simu ya mama yake, anatafuta katuni na kuruka tangazo bila kufundishwa na mtu. Mpe penseli sasa. Wengi huishika kwa ngumi kama mwiko wa ugali, na karatasi inachanika.

Kwa mzazi wa Haydom, Dongobesh au Katesh hili si dogo, kwa sababu darasa la awali linamsubiri mwanawe na daftari, si kompyuta. Kidole kinachoteleza juu ya kioo hakijifunzi kubana, kukandamiza wala kugeuza.

Wahudumu wa afya hutumia uchoraji kupima ukuaji. Akiwa na miaka mitatu hivi, mtoto huweza kuiga duara, minne, msalaba, akikaribia mitano, mraba. Kama hajawahi kushika penseli, mpe kwanza wiki kadhaa za kuchora kabla ya kuingiwa na hofu. Ila akifika mitano duara bado linamshinda, au alikuwa anaweza kisha akaacha, mpeleke kituo cha afya.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwapima ubongo watoto wa miaka mitano ambao hawajajua kusoma. Sehemu zinazotumika kusoma ziliamka walipoziona herufi walizokuwa wameziandika wenyewe kwa mkono, si zile walizobonyeza kwenye kibodi wala walizofuatisha juu ya nukta. Utafiti ulikuwa wa watoto wachache, lakini unanifanya nivitilie shaka vile vitabu vya kufuatisha nukta tunavyovinunua kwa bei.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Wa chini ya hapo, asiwekewe kabisa.

Gharama? Mkaa uliozimika na boksi la sabuni vinatosha. Kijiti na vumbi la uani pia. Penseli iliyobaki kipande usiitupe, maana ufupi wake humlazimisha mtoto kuishika kwa vidole badala ya ngumi. Zamani wasichana wa Kiiraqw walishona na kupamba sketi za ngozi kwa shanga, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeanza na mashine.

Akimaliza, usimuulize "hii ni nini?" wala usimsahihishe kwamba ng'ombe hawi wa bluu. Mwambie, "Hebu nisimulie." Hapo ndipo maneno hutoka.

Na kwa Hanang yapo yanayohitaji kutoka. Tope lililoporomoka mlimani Desemba 3, 2023 liliua zaidi ya watu 80, na baadhi ya watoto walioliona leo wako shuleni. Duniani kote wanaohudumia watoto baada ya majanga huwapa karatasi, kwani mtoto anaweza kuchora asichoweza kukitamka. Mchoro mmoja wa maji meusi si ugonjwa. Lakini ukiona anachora tope lile lile kila siku, anashtuka usiku, ameanza tena kukojoa kitandani au mawingu yakitanda hataki kubanduka kwako, chukua michoro yake uende nayo hospitalini, umwonyeshe daktari.